Edmundo: Rufaa ilivyomchezea hadi filimbi ya mwisho

UKITAJA Mnyama hapa Bongo, kila mtu anajua unaizungumzia Simba. Kule Brazil Mnyama alikuwa mtu mmoja, Edmundo, straika mwenye mguu wa dhahabu na kichwa cha moto.

Desemba 1995, akiwa Flamengo, alikuwa kwenye usukani wa Jeep Cherokee usiku, pembeni ya ziwa la Lagoa jijini Rio de Janeiro. Likagongana na Fiat Uno. Watu watatu wakafa, wengine watatu wakaumia.

Kesi ikasogea taratibu, jamaa akaendelea kuzicheka nyavu. Mwaka 1997 aliipa Vasco da Gama ubingwa wa Brazil kwa mabao 29, rekodi ya wakati huo. Mwaka uliofuata akaingia akitokea benchi kwenye fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa.

Machi 1999 hukumu ikatoka: miaka minne na nusu kwa kuua bila kukusudia na kujeruhi. Kifungo chenyewe ni kile ambacho mfungwa anaweza kuruhusiwa kwenda kazini mchana, usiku anarudi kulala gerezani. Mawakili wakakata rufaa. Oktoba ikagonga mwamba, akalala ndani usiku mmoja tu, kisha mahakama ya juu ikaamuru aachiwe wakati rufaa nyingine inasubiriwa.

Januari 2000 mashabiki wa Manchester United wakamuona Maracana. Alipokea pasi akiwa amelipa mgongo goli, akaugusa mpira mara moja, beki Mikael Silvestre akapotea njia, bao. Vasco wakashinda 3-1. Bao tamu kwelikweli, lakini lilifungwa na mtu aliyekuwa na kifungo mgongoni, na zipo familia Rio zilizokuwa bado zinasubiri. Siku chache baadaye, kwenye fainali dhidi ya Corinthians, akakosa penalti ya mwisho.

Rufaa ni haki ya kila mtu, hata ya nyota anayelipwa mamilioni, na wapo waliofungwa kwa makosa wakaokolewa nayo. Tatizo ni saa. Sheria ya Brazil inaipa serikali muda maalumu wa kumwadhibu mtu, na enzi za kesi hii kila rufaa iliyokaa kwenye makabati ya mahakama ilikula muda huo. Mwenye wakili mzuri hakuhitaji kushinda. Alihitaji kuchelewesha tu, kama timu inayoongoza 1-0 na kipa anajilaza chini kila dakika.

Juni 2011, akiwa ameshatundika daruga, polisi walimkamata Sao Paulo. Hakumaliza hata saa 24, akatolewa. Septemba mwaka huohuo, Jaji Joaquim Barbosa wa Mahakama Kuu ya Brazil akaifunga kesi: kwa hesabu yake, muda wa kumwadhibu ulikwisha tangu 2007.

Hakusema Edmundo hana hatia. Alisema muda umekwisha.

Machi 2012 Vasco walimwandalia mechi ya kumuaga dhidi ya Barcelona ya Ecuador. Uwanja wa Sao Januario ulifurika, wakashinda 9-1.