Kipimo cha Utafiti Si Kipimo cha Saratani: Istilahi za Asidi Amino katika Fomu ya Ridhaa
Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili wa eneo la Sonatubes, Kigali, anayeombwa damu kwa utafiti wa saratani, anastahili maelezo anayoyaelewa. Uvimbe wa saratani nyingi hutumia kimeng'enya cha IDO1 kugeuza triptofani, ambayo ni asidi amino, kuwa kinurenini, dutu inayodhoofisha seli za kinga. Watafiti hupima uwiano wa dutu hizo mbili katika plazma ya damu. Hata hivyo, uwiano huo hubadilika pia kwa kifua kikuu na VVU. Kwa hiyo, fomu ya ridhaa iseme "kipimo cha utafiti", si "kipimo cha saratani": neno moja laweza kumtia mtu hofu isiyo na msingi.