Mama Junior, Oscar na Chapati za Jumapili

Hivi na wewe ni mmoja wa wale wanaobishana kazini kuhusu nani atachukua Oscar, wakati muvi zenyewe umeangalia mbili tu, tena moja ulisinzia katikati? Karibu kwenye chama, tuko wengi. Na habari njema ni kwamba unaweza kutabiri vizuri tu bila kuwa mtaalamu wa filamu.

Kwanza, achana na kelele za Golden Globe. Wanaopiga kura kule ni waandishi wa habari, na Oscar hawana kura. Wenye Oscar ni wanachama wa Akademi, zaidi ya 9,000, watu wa kazi hiyo hiyo: waigizaji, waongozaji, wapiga picha. Kwa hiyo tazama vyama vyao vinampa nani. Chama cha waongozaji wa Marekani kinatoa tuzo tangu 1948, na mara nyingi sana mshindi wake ndiye anayebeba Oscar ya uongozaji. Mara chache kinapigwa chenga: mwaka 2020 kilimpa Sam Mendes, Oscar akaondoka nayo Bong Joon-ho wa Parasite.

Pili, Akademi inapenda mtu anayeigiza binadamu aliyeishi kweli. Forest Whitaker alishinda mwaka 2007 kwa kumwigiza Idi Amin. Rami Malek akashinda 2019 kwa kumwigiza Freddie Mercury, mzaliwa wa pale Zanzibar.

Filamu Bora ndiyo inayoliza wengi. Hapo mpiga kura hachagui moja, anazipanga kwa namba. Isipopatikana yenye zaidi ya nusu, ya mwisho inatolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata. Maana yake, muvi inayopendwa kiasi na kila mtu inaweza kuibwaga ile inayopendwa mno na wachache. Mwaka 2022 The Power of the Dog iliteuliwa mara 12, CODA mara tatu tu. CODA ikabeba zote tatu, Filamu Bora ikiwemo.

Haya yote nayajua, na bado nilipigwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 26, 2021. Sikukuu ya Muungano, kazini hakuna kwenda, tukaamua kukesha. Sherehe inaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Dau: atakayekosa Mwigizaji Bora wa Kiume anapika chapati Jumapili nne mfululizo.

Mimi nikaweka kwa Chadwick Boseman. Alikuwa amefariki Agosti 2020, Golden Globe alishapewa, ya chama cha waigizaji alishapewa. Nani angemnyima? Mama Junior akasema Anthony Hopkins, wa The Father. Nikacheka, kile kicheko cha dharau. “We unajua nini kuhusu Oscar?”

Akanyamaza.

Muvi ile alikuwa ameiangalia peke yake kwenye laptop, siku niliyokuwa na washkaji kwenye mpira. Inamhusu mzee anayepoteza kumbukumbu na binti anayehangaika naye. Na baba mkwe wangu, wakati ule, alikuwa ameanza kumwita binti yake kwa jina la shangazi yake. Nilikuwa naambiwa. Najibu, “Uzee tu huo, mama,” naendelea na simu yangu.

Waandaaji mwaka ule waliihamisha tuzo hiyo hadi mwisho kabisa, baada ya Filamu Bora. Wengi tukajua ni kwa ajili ya Boseman; nikaanza kabisa kumwelekeza mtu unga ulipo. Kumeshapambazuka, bahasha ikafunguliwa: Hopkins. Hata ukumbini hakuwepo! Miaka 83, hakuna mwigizaji mwenye umri mkubwa zaidi aliyewahi kushinda kabla yake.

Kwa haki, ishara ilikuwepo: BAFTA, tuzo za Uingereza, zilimpa Hopkins wiki mbili nyuma, nami nikazipuuza. Lakini mwenzangu hakuwa hata na habari na BAFTA.

Nikageuka nikitegemea vigelegele. Alikuwa analia, kimya kimya, remote mkononi.

“Ungeiangalia na mimi, Baba Junior, ungejua.”

Jibu sikuwa nalo. Mchana nikamwomba anitafutie ile muvi, tukaiangalia wote tangu mwanzo. Sikumaliza bila kwenda uani mara moja, kujifanya nazima pampu ya maji.

Chapati nilipika, Jumapili zote nne, za kwanza ngumu kama soli. Wiki ya pili tulizifunga kwenye kontena, tukapanda basi la asubuhi kwenda Morogoro kumwona mzee. Alinipokea vizuri sana, akaniita kwa jina la mtu mwingine. Nikaitika.