Ngoma Ilivyoingia Kanisani Bujora

Ndugu msomaji, yawezekana nawe umewahi kusimama mbele ya jumuiya yako, pale Mabatini au Kirumba, ukaleta shauri jipya, na mara ukaona nyuso zimekunjamana. Uliona shauri ni jema, na huenda lilikuwa jema kweli. Lakini mzee mmoja aliinamisha kichwa, akina mama wakatazamana, katibu akasema jambo hilo lingojee mkutano ujao. Mkutano ujao haukulitaja.

Kabla hujawalaumu wenzako kwa ukaidi, panda gari liendalo njia ya Musoma, ushuke Kisesa, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, kisha upande hadi Bujora. Huko utaliona kanisa la mviringo, mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake alama za utemi zimewekwa zimtukuze Kristo. Jirani yake ipo makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi na vifaa vya wacheza ngoma. Leo twaviona hivyo kuwa mambo ya kawaida. Havikuwa hivyo.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Kageye, kando ya ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, katika misheni nyingi za nchi hii, kuwa Mkristo kulimaanisha kuiacha ngoma. Kijana aliyebatizwa na kisha akaonekana uwanjani usiku alikuwa na maneno ya kujibu kwa katekista.

Nawe usidhani kwamba katekista yule alikuwa mtu wa roho mbaya tu. Ngoma ya Usukuma haikuwa burudani tupu. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vilivyoshindana siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Ili kuwavuta, manju walitumia dawa. Mkristo aliyejiunga na chama alijiunga pia na dawa zake. Hofu ya katekista ilikuwa na mizizi, na kiongozi ambaye angeicheka angekuwa hajaelewa anachotaka kukibadili.

Aliyeelewa alikuwa Padri David Clement, Mkanada wa shirika hilo la Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi Bujora tangu miaka ya 1950. Sifa zote hupewa yeye, nami naona si haki kamili. Peke yake, mgeni angeweza kujenga kanisa la mviringo na likabaki tupu. Jambo lililoipa kazi hiyo uhai ni kamati ya utafiti ya Wakristo wa Kisukuma wenyewe. Hao walikusanya nyimbo, semi, vifaa na habari za kale, wakapima ni yapi yanaweza kuingia katika ibada na kwa njia gani. Watu walioijua ngoma kwa miguu yao, na waliozijua pia dawa zake, ndio waliosaidia kuamua. Padri akisema ngoma iruhusiwe, huo ni mwanzo wa ubishi. Lakini mzee Mkristo, ambaye aliwahi kuicheza, akisema wimbo huu hauna ubaya, wenzake humsikiliza.

Tena kumbuka wakati wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulianza mwaka 1962, na hati yake juu ya liturujia ilitolewa mwaka 1963. Mwaka huo huo Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kibali kilipotoka Roma, Bujora palikuwa tayari na watu waliokwisha kulijadili jambo hilo.

Mavuno yake huonekana katika sikukuu ya Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Hufanyika mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Baada ya ibada na maandamano huja mashindano, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na bugobogobo yenye majembe kurushwa hewani. Wapo pia wacheza na nyoka, nami sioni haya kukiri kwamba macho yangu huwakimbilia hao kwanza. Je, dawa zimekwisha? Nani athubutuye kuapa? Ushindani haukufutwa, na manju hawakugeuka malaika.

Sasa turudi mjini. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini pengi ulipokewa kama agizo. Ndiyo maana hata leo yupo muumini ambaye huikumbuka jumuiya yake siku ya kutafuta ubatizo wa mtoto, na yupo baba ambaye humtuma mkewe kila juma huku yeye akibaki kibarazani.

Kwa hiyo, ukitaka kubadili utaratibu wa michango ya misiba, au kuuhamisha mkutano ili wafanyakazi wa zamu nao wahudhurie, usianze na mkutano. Anza na yule mzee aliyeinamisha kichwa. Nenda kwake jioni moja, bila daftari, umwulize siku ile alikuwa akiogopa nini.