Mkristu mbele ya mateso

Tunapoingia nyumba ya mgonjwa, mara nyingi swali moja linatungojea: Ni nani aliyemroga? Ao: Alimkosea Mungu namna gani? Wanafunzi walimwuliza Yezu vile vile juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye alikataa kumtaja mwenye kosa (Yoane 9). Basi tuangalie sana. Neno moja letu la ovyo laweza kumfukuzisha mjane nyumbani mwake.

Tufanye nini basi? Mwenye heri Isidore Bakanja, mtu wa Equateur, atufundishe. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, halafu akafanya kazi ya boi kwa Mzungu wa kampuni. Mwaka 1909 mkubwa wa shamba alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Alipokataa, alipigwa kwa ngozi ya tembo yenye misumari, hata mgongo wote ukawa kidonda. Alikufa tarehe 15 Agosti mwaka ule ule. Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Kwanza, Bakanja hakutafuta mateso, wala hakuyaficha: alimwonyesha mkaguzi wa kampuni vidonda vyake, akakubali kutunzwa. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa aache dawa, wala mwenye kuonewa anyamaze, ati ndiyo mapenzi ya Mungu.

Pili, alipokea Sakramenti. Wakristu wengi wangali wanaogopa mafuta ya wagonjwa kama tangazo la kifo. Lakini Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako huo si wa wale tu walio karibu kukata roho. Tuwaeleze watu mapema, wangali wazima.

Tatu, alisamehe, akaahidi kumwombea mtesaji wake mbinguni. Mateso yenyewe ni mabaya, nasi tusiyasifu. Kinachookoa ni upendo wa Kristu msalabani. Na mgonjwa anayeungana naye anaweza kutoa maumivu yake kwa faida ya Eklezya, kama Paulo anavyowaandikia Wakolosai.

Lakini fundisho hili tusianze nalo mlangoni. Rafiki za Yobu walifanya vema siku saba walipokaa naye kimya. Walikosa walipoanza kumtafutia dhambi. Sisi vile vile tuketi kwanza, tumsikilize mgonjwa, tusali naye maneno machache, na kesho turudi.