Walivyobadilishana ujuzi kwa simu kabla ya intaneti

THELUJI ilifunga barabara za Chicago, Marekani, mwishoni mwa Januari 1978. Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM, akakwama nyumbani. Alimpigia simu rafiki yake Randy Suess, wakagawana kazi waliyokuwa wakiiwaza: Suess aunde mashine, Christensen aandike programu.

Wote wawili walikuwa wanachama wa CACHE, klabu ya watu wa Chicago waliokuwa na kompyuta zao binafsi katika miaka ambayo wengi waliiona kompyuta kuwa kitu cha serikali na mabenki. Klabu ilikuwa na ubao wa kubandika vikaratasi, kama ule unaoonekana kwenye ofisi ya ushirika au nje ya msikiti. Tatizo ni kwamba ubao haumfuati mtu nyumbani. Mwenye swali alisubiri mkutano ujao.

Februari 16, 1978 ubao wao mpya ulianza kazi. Waliuita CBBS. Mtu aliunganisha kompyuta yake na simu kwa kifaa kiitwacho modemu, akapiga namba, akasoma ujumbe wa wenzake na kuacha wake. Mashine iliwekwa nyumbani kwa Suess, ndani ya mji, na si kwa Christensen aliyeishi pembeni, ili wapigaji wengi watozwe bei ya simu ya karibu. Kila anayetafuta fremu ya duka anajua hesabu hiyo.

Laini ilikuwa moja tu. Aliyeingia aliwazuia wengine wote, nao walisikia mlio wa simu inayotumika. Kasi yake ilikuwa karibu herufi 30 kwa sekunde, hivyo faili la herufi 30,000, ambalo leo simu ya mkononi hulipokea kabla hujapepesa jicho, lilichukua takriban dakika 17. Hata hivyo, hadi Suess alipoizima, mashine hiyo ilikuwa imepokea simu nyingi sana.

Bidhaa iliyotafutwa pale ilikuwa ujuzi. Kompyuta nyingi za wakati ule ziliuzwa vipande vipande, mnunuzi akaziunganisha mwenyewe kwa chuma cha kulehemu. Fundi wa kumkimbilia hakuwapo mtaani. Diski iliyoandikwa na mashine ya aina moja mara nyingi haikusomeka kwenye nyingine, na mfumo wa CP/M, uliotumiwa na wengi, ulihitaji kurekebishwa ili uelewane na kila aina ya mashine. Aliyefanikiwa kuifanya printa yake itii alieleza hatua alizopita. Wiki iliyofuata huenda yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kuhusu diski, na akajibiwa na mtu asiyemfahamu hata kwa sura.

Kuhesabu mzigo

Msaada wenyewe mara nyingi ulikuwa programu nzima, na kuipitisha kwenye simu kulikuwa na hatari. Kelele kidogo tu kwenye waya huharibu herufi moja, na herufi moja ikiharibika programu nzima hukwama.

Christensen alikuwa ameshatafuta dawa mwaka 1977, kabla ya CBBS. Njia yake, iliyokuja kujulikana kama XMODEM, inaeleweka vizuri zaidi na aliyewahi kusimamia ushushaji wa magunia mpakani. Faili hukatwa katika vifurushi vya herufi 128. Kila kifurushi hupewa namba yake na jumla ya hesabu ya vilivyomo. Mpokeaji huhesabu upya. Hesabu ikilingana, hujibu "nimepokea" na kifurushi kinachofuata hutumwa. Isipolingana, hujibu "rudia". Hakuna mzigo unaosogea kabla ule wa mbele haujakubaliwa na pande zote mbili.

Christensen hakuiuza njia hiyo. Aliiachia umma, wengine wakairekebisha na kuiboresha, na ikaenea katika kompyuta za kila aina.

Si wote waliokuwa wakarimu hivyo. Kadiri mbao hizi zilivyoongezeka, wamiliki waligundua kwamba wageni wengi huja kuchukua tu. Mwenye ubao ndiye aliyelipia laini, umeme na diski, na kwa kawaida hakuwa na faida. Wengi wakaweka sharti la mali kwa mali: usipopakia faili lenye manufaa, huruhusiwi kupakua zaidi ya kiwango fulani.

Ugomvi mkubwa ulizuka mwaka 1988. Kampuni ndogo ya SEA ilikuwa na programu ya ARC, iliyobana mafaili ili yapite haraka kwenye simu. Phil Katz wa Milwaukee alitoa PKARC, iliyofanya kazi hiyohiyo kwa kasi zaidi. SEA ilimshtaki, na mtaalamu aliyezilinganisha alikuta sehemu za PKARC zimenakiliwa kutoka ARC. Kesi ilimalizika kwa makubaliano na Katz akalipa. Lakini wamiliki wengi wa mbao waliiona SEA kama tajiri anayemwonea mnyonge, ingawa nayo ilikuwa biashara ndogo. Mwaka 1989 Katz alitoa mfumo mpya, ZIP, akaruhusu kila mtu autumie, na ARC ikaachwa. Wakala wa forodha anayetumiwa nyaraka leo katika faili moja la ZIP anatumia matokeo ya ugomvi ule. SEA ilishinda kesi na kupoteza soko.

Barua za usiku hadi Kampala

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alipata njia ya kuziunganisha mbao zenyewe. Katika mtandao wake, FidoNet, kompyuta zilipigiana simu usiku wa manane, bei ya simu ilipokuwa chini, zikakabidhiana barua za siku nzima na kukata.

Mpango huo wa kubana matumizi uliifaa Afrika, ambako laini zilikuwa mbovu na simu ya nje ilikuwa ghali. FidoNet ililipa bara hili kanda yake, namba 5. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la Canada la IDRC, ulitumia teknolojia hiyo kuunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Kompyuta ya Makerere iliitwa MUKLA.

Kwa mifumo mingi ya Fido barani, mlango wa kuingilia intaneti ulikuwa London, katika shirika la GreenNet. Majirani waliokuwa na mpaka wa pamoja walitegemea mlango mmoja ulioko Ulaya ili kuzungumza na dunia.

Nchini Zambia, wale waliojifunza kazi kwa Fido katika chuo kikuu ndio walioanzisha ZAMNET mwaka 1994, ambayo kabla ya mwaka huo kwisha iliunganishwa na intaneti moja kwa moja.