Mbabula usiku: joto na mwendo ni maswali mawili

Wandugu, wengi wetu tulipita egzameni ya Eta tukijua kwa kichwa kwamba kuna reaksio zenye kutoa joto na zingine zenye kukula joto. Swali la pili tulilisahau mbio: reaksio inaenda kwa mwendo gani? Haya ni maswali mawili tofauti, na mbabula ya nyumbani inayaonyesha vizuri.

Chukua gramu 12 za kaboni, ile ambayo makala imejaa nayo. Ikiungua yote mpaka kuwa dioksidi ya kaboni, inatoa kilojuli 394. Kama joto hiyo yote ingeingia ndani ya sufuria, litri moja ya maji yenye digri 20 ingefika kuchemka. Na bado, mfuko wa makala unakaa miezi mingi kwenye depo bila kuwaka. Juu ya nini? Juu kaboni na oksijeni zinapaswa kwanza kuvuka kizingiti: vifungo vya zamani vilegee mbele ya vipya kufungwa. Kwenye baridi, karibu hakuna molekuli yenye nguvu ya kuvuka. Svante Arrhenius wa Uswidi alieleza jambo hilo mwaka 1889: joto ikipanda, molekuli zenye kuweza kuvuka zinaongezeka sana. Njo maana tunawasha na vijiti vikavu. Makala ikisha kushika, joto yake yenyewe inaendelesha kazi.

Mama jikoni anafanya shimi bila kuiita jina. Anavunja makala vipande vidogo: sehemu yenye kugusa hewa inaongezeka. Anapepea: oksijeni mpya inafika. Mwendo unapanda. Lakini gramu 12 zikiungua zote, zitatoa kilojuli 394 tu, zikienda mbio ao polepole.

Sasa, hatari. Usiku wa baridi, Bukavu ao Goma, watu wanangoja moshi iishe, makala inakuwa nyekundu, wanaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Wanasema: haina moshi tena, hakuna shida. Kumbe shida inaanzia pale. Oksijeni ikipungua, kaboni inaishia katikati ya njia: inakuwa monoksidi ya kaboni, na gramu zile 12 zinatoa kilojuli 111 tu. Maji yetu yangefika digri 46 hivi. Tena, dioksidi yenye kupita kati ya makala za moto inaweza kushika kaboni ingine na kugeuka monoksidi. Reaksio hiyo inakula joto. Zile ndimi za buluu juu ya mbabula ni monoksidi yenyewe inayoungua. Ikikosa hewa, inatoka vile ilivyo na kujaa chumba.

Haina rangi, haina harufu. Inashika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anatapika, analegea. Mwenye kulala hasikii kitu.

Kwa hiyo mbabula ilale inje, hata kama makala imebaki kidogo. Ukikuta mtu amelegea chumbani, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi, kisha hospitali mbio. Na leo jioni, mweleze mtu mmoja nyumbani: makala yenye kuwaka bila moshi bado inaweza kuua.