Shimo likishaachwa, nani anapima ukuta wake?

Wadau, wiki mbili zilizopita hapa Turiani nilisimama pembeni ya shimo moja walilochimba kifusi cha barabara miaka ya nyuma. Mkandarasi alishaondoka kitambo. Shimo limejaa maji ya mvua, watoto wanaogelea, kina mama wanafua. Hatua tatu tu kutoka wanapoanika nguo kuna ufa unaoingiza vidole. Nikauliza ulianza lini, hakuna anayejua. Ndiyo maana naandika, kwa sababu wengi tunadhani ukuta wa shimo huanguka ghafla. Mara nyingi si hivyo, unatangulia kutembea.

Kwenye migodi mikubwa ya wazi ukuta hukatwa ngazi ngazi, jiwe likidondoka lipokewe na ngazi ya chini yake badala ya kichwa cha mtu. Halafu wanafunga vioo maalumu, prizimu, kwenye mwamba, na mpimaji akiwa upande wa pili anavipiga kwa mwanga na kusoma umbali. Leo kimesogea milimita 2, kesho 2, keshokutwa 3. Hapo anaendelea kuangalia. Kinachotisha ni pale 3 inapokuwa 6, halafu 12, yaani mwendo wenyewe unaongeza mwendo. Wakiona hivyo watu wanatolewa. Aprili 2013 kule Bingham Canyon, Utah, Marekani, uliporomoka ukuta wenye zaidi ya tani milioni 100. Vipimo na rada vilishaonya, watu wakaondolewa mapema, hakuna hata mmoja aliyeumia. Sasa linganisha na Bariadi, mkoani Simiyu, Januari 2024, kipindi cha mvua kubwa: wachimbaji wadogo 22 walifukiwa wakafa.

Mgodi ukifungwa ndio watu wanapumua, kumbe hapo ukuta unaanza maisha mapya. Wakati wa uchimbaji pampu zinanyonya maji usiku na mchana. Zikizimwa, maji yanarudi ndani ya mwamba, yanajaa kwenye nyufa na kuusukuma ukuta kutoka ndani. Kwa hiyo kupima inabidi kuendelee miaka baada ya dhahabu kwisha, pamoja na kushusha vibomba ardhini kuona maji yamepanda kiasi gani. Na tuta kubwa la kuzuia watu na ng'ombe linawekwa nyuma kabisa, nje ya eneo linaloweza kumeguka. Tuta la ukingoni litaondoka na ukingo wake.

Hapa kwetu tunayo mifano. Golden Pride ya Nzega, mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa kisasa nchini, ulianza kuzalisha 1998, na baada ya kufungwa eneo likakabidhiwa serikalini kwa ajili ya mafunzo ya Chuo cha Madini. Buzwagi ya Kahama ilisimamisha uzalishaji 2021, na mpango ukawa kuligeuza eneo kuwa la viwanda. Sheria ya Madini ya 2010 inaruhusu kudai dhamana, ili mwenye mgodi akiondoka pesa ya kurekebisha ardhi iwepo. Safi. Ila shimo la kifusi kijijini nani alilidai dhamana?

Kurudisha ardhi nako si kupanda miche siku ya picha. Lundo la mawe likimwagwa tu na lori linasimama kwa mwinuko wa nyuzi kama 37, na mbegu hazikai hapo, mvua moja inazisomba. Lazima lilazwe kwanza, kisha lirudishiwe udongo wa juu uliotunzwa tangu siku ya kwanza ya kuchimba. Usipoutunza, hapo hapana mbegu wala rutuba. Halafu majani yatangulie, miti ya asili ifuate.

Umuhimu wa mizizi sisi wa Morogoro tulifundishwa na mvua. Februari 1970, Mgeta kule Uluguru, ilinyesha takriban milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi, miteremko ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Watafiti walipohesabu, karibu zote zilikuwa mashambani na kwenye malisho. Msituni ni chache mno.

Tukirudi kwenye ufa wetu: rada sina, ila vigingi viwili, futi ya fundi na daftari ninavyo. Kigingi kimoja huku, kingine ng'ambo ya ufa, unapima palepale kila siku na kuandika mvua imenyesha au la. Siku ya kwanza ilikuwa sentimita 64 na nusu. Siku tatu zilizofuata hivyo hivyo. Ikapiga mvua ya usiku kucha, asubuhi nikakuta 65, jana 66. Jioni nikapeleka daftari kwa mwenyekiti wa kitongoji. Amelisoma lote bila kusema neno, kisha akachukua panga tukaenda kukata miiba ya kuzibia njia. Kina mama wamelalamika kweli, bomba liko mbali. Kesho saa 12 asubuhi napima tena.